Jina Si Kosa la Chapa

Bwana Holroyd alifika Lubumbashi na masanduku mawili,
moja la nguo, moja la magazeti aliyowahi kuyahariri,
na la magazeti ndilo lililomvunja mgongo mchukuzi.
Alitokea Ndola, akavukia Kasumbalesa,
mwaka ule shaba ilipokuwa bado inalipa
na bomba la moshi la kiwanda
halijajifunza kupumzika.

Kiswahili chake kilikuwa cha kamusi, kimepigwa pasi.
Shangazi alipomwambia, "Naitwa Mujinga,"
alitoa kalamu nyekundu mfukoni.
"Hapana, mama. Nani aliyekutukana hivi?"
Shangazi akacheka mpaka kitenge kikamfunguka.
"Kwetu Baluba, mtoto wa kike akizaliwa
kitovu kimemzunguka shingoni, huyo ni Mujinga.
Jina si kosa la chapa, bwana. Rudisha kalamu."
Akairudisha.
Mwaka uliofuata wakaoana.

Mimi nililelewa katika nyumba ile ya Kamalondo,
nikijua habari za Leeds kuliko za Likasi:
aliingia chumba cha habari ana miaka kumi na mitano,
kuchemsha chai na kupanga matangazo ya vifo.
"Ukikosea bei ya viazi," alinifundisha,
"utapigiwa simu. Ukikosea jina la maiti,
mama yake atakuja mwenyewe, na koti la mvua,
atasimama mlangoni, hatasema neno."
Alimwona mama huyo mara moja.
Hakuacha kumwona.

Akapanda. Mwandishi, naibu, mhariri;
meza yenye simu tatu,
dereva aliyejua wakati wa kunyamaza.
Kisha vumbi la kiwanda fulani, watoto wa mtaa fulani wakikohoa,
kurasa mbili, kweli tupu.
Mwenye gazeti alikuwa na hisa kiwandani.
Jumatatu, ukurasa wa kwanza, kisanduku chembamba:
Tunaomba radhi.
Aliyaandika yeye mwenyewe, hayo maneno mawili.
Akahakiki tahajia. Yalikuwa sahihi.
Ndicho kilichomuuma.

Huku hakuwa na gazeti. Alikuwa na karatasi moja,
stensili, na mashine ambayo mkono wake niliuzungusha mimi
kila Ijumaa mpaka bega likawaka moto:
nani kafariki Katuba,
maji yatakatika lini,
mbuzi mweupe ameonekana Ruashi, mwenyewe aje
aeleze alama ya sikio.
Akaandika na vumbi. La kwetu sasa,
la ule mlima mweusi wa makapi ya shaba,
linaloonjeka mdomoni kama sarafu.
Wakaja vijana wawili wenye miwani, wakaketi sebuleni,
wakasema kwa adabu kwamba anaweza kuomba radhi,
mistari miwili inatosha, hata mmoja.
Alikaa kimya mpaka chai ikapoa.
"Radhi yangu," akasema, "niliitumia yote zamani."

Wakachukua mashine.
Mkono wake ulibaki. Nilikuwa nimeufungua asubuhi
niupake mafuta.
Mpaka leo shangazi anauzuilia mlango.

Macho yalipomwishia nilimsomea magazeti ya watu.
Aliinua kidole: "Hapo, koma."
Nikanyamaza.
Kwake koma ilikuwa pumzi, kwangu ilikuwa amri,
tukakaa dakika nzima hivyo,
kila mmoja akimngoja mwenzake,
na jirani anatwanga sombe.

Amelala Sapin, chini ya saruji.
Fundi alilichora jina kwa msumari:
OLOROIDI.
Nikamnong'oneza shangazi, bado ni mbichi, inafutika.
Fundi alikwisha kuinua mwiko.
Shangazi akapiga magoti,
akapuliza vumbi lililoanza kutua ndani ya herufi.
"Acha hivyo," akasema.
"Hata mimi alitaka kunisahihisha."