Ovaroli Namba Kumi na Tisa

Hapa Duqm nguo huniambia kabla ya watu.
Grisi nyeusi, huyo fundi wa mitambo.
Vumbi jeupe, huyo wa gatini, wa saruji.
Yenye harufu ya vitunguu ni ya mpishi; mpishi hatoi bahashishi.
Nafua, nasokota, naanika uani,
na kabla sijamaliza kamba ya pili, ya kwanza imeshakauka,
mashati yamekakamaa kama ng'onda.

Namba kumi na tisa kolani ilishonwa TEKOAUA.
Nilidhani ni jina la kampuni.
Akaja mwenyewe Ijumaa: kijana mfupi, mabega ya mchukuzi,
na Kiarabu cha kuokoteza kama changu.
Kwenu wapi?
Akalowesha kidole, akachora kwenye meza ya pasi
mstari mwembamba kama ukucha uliokatwa.
Kiribati. Bahari huku, bahari huku,
mama akisimama jikoni anaziona zote mbili.
Nami nikachora Pemba. Ilitoka kama kiatu.
Tukacheka, pasi ikaunguza shuka ya injinia.

Kumbe kwao wanagema.
Alinionyesha kwa mikono: kupanda, kukata karara, kutundika chupa,
kabla ya shule na baada ya shule,
mpaka shule ikaisha, kugema kukabaki.
Kumbe wana magimbi, wanayachimbia mashimo marefu,
na bahari siku hizi inapenya chini kwa chini
kama mwizi anayeijua nyumba;
majani yanaanza unjano pembeni.
Unjano huo naujua.
Uliingia bondeni kwetu mwaka aliofeli Msanif:
mpunga umesimama wima, ganda tupu, ndani hamna kitu.

Vijana wa kwao hukaa juu ya ukuta wa kuzuia mawimbi.
Wa kwetu hukaa barazani, watatu kwa bando moja.
Wanaua siku. Siku haifi;
kesho huamka mapema kuliko wao, na njaa yake.

Mwezi wa tano mwenye meli akazima simu.
Thampi, bosi wangu, ndiye aliyeniambia, bila kuinua uso daftarini.
Meli ipo nje, imetia nanga, mshahara haupo,
pasi zao zimo sandukuni mwa nahodha,
kushuka hawaruhusiwi.
Kikaja kifurushi kwa boti ya walinzi: ovaroli moja, bila pesa.
Thampi akasema, hakuna riali, hakuna sabuni.
Nikaifua usiku, kwa sabuni yangu ya kuogea.

Sikukagua mfuko.
Mimi, ninayekagua hata mifuko ya wanaonipunja.
Karatasi ikatoka imevimba kama andazi.
Nikaitandaza, nikaipitishia pasi juu ya kitambaa, polepole.
Maneno yalikuwa ya kwao; tarakimu hazina kwao.
Kumi na mbili, na mchoro wa bati lenye migongo yake.
Mia mbili na arubaini, na jina, nadhani la msichana.
Chini, jumla; hiyo imefutika.
Wino ulitoka. Deni si doa.
Ndani ya simu yangu nami: bati kumi na nne,
ada ya Msanif, wakala, wakala, wakala.

Niliirudisha mfukoni, na tende saba ndani ya nailoni.
Sikupata jibu.
Ndoano ya kumi na tisa iko tupu wiki ya nne.
Thampi anataka kuitundikia mteja mpya;
namwambia ina mwenyewe.

Jana kapiga Msanif.
Dada, kuna watu wanaandikisha vijana wa kwenda melini.
Cheti hawataki. Wanataka pasi na laki tatu tu.
Sauti yake ilikuwa safi, kama ya mtu aliyetoka kuoga.
Nikaitazama ile ndoano.
Nikamwambia ngoja, nina pasi ya moto mkononi,
na pasi nilikuwa nimeizima tangu magharibi.