Lafudhi ya Jumamosi

Oddvar Nystøl huendesha greda la theluji
mjini Mo i Rana, kaskazini mwa Norwe,
ambako Desemba jua haliamki,
hujigeuza ubavu tu.
Siku sita husema kama watu wa kwao,
yaani husema kidogo.
Jumamosi, saa kumi alasiri,
televisheni ikiwaka, koo lake huhama.

K hukwaruza, hutoka kh,
ile kh ya kheri, ya Alkhamisi.
T huishia kwa upepo, kama s iliyochelewa.
Refa hutukanwa kwa Kiingereza cha Liverpool,
cha upande wa buluu,
wale ambao kombe huliona kwa jirani.

Gudny, mkewe, anafuma soksi.
"Mgeni wangu kaja," husema,
na kahawa humletea kwa kikombe chenye sahani.
Asle wa nyumba ya pili hana huruma:
"Mkataa kwao ni mtumwa. Nawe huko unakokutaka
hata hujafika."

Kweli, hajafika.
Lafudhi ndiyo iliyomfikia, kwa posta,
mwaka sabini na nne, yeye ana miaka kumi na mitatu:
kaseti ya Desmond, mpakua mizigo gatini,
rafiki wa barua aliyepatikana nyuma ya gazeti la mpira.
Desmond hakupenda kuandika.
Alikaa jikoni na kinasa sauti, birika likipiga mluzi,
akaitangaza upya mechi nzima, mabao na kona,
na mvua, na nani kamkanyaga nani vidole
kwenye ngazi za uwanja.
Kaseti kumi na moja. Ya kumi na mbili haikuja.
Oddvar alizisikiliza mpaka utepe ukakonda,
hajui neno lipi ni Kiingereza
na lipi ni Desmond.

Alipotimiza sitini Gudny alimkatia tiketi.
Nje ya uwanja, kwenye foleni ya pai za nyama,
akaagiza.
Vijana nyuma yake wakacheka, si kwa ubaya;
mmoja akajaribu kumwiga, akashindwa.
Lakini muuzaji, Bi Philomena Kinsella,
aliacha koleo hewani.

"Umezaliwa mtaa gani?"
"Mo i Rana."
"Ng'ambo ya mto?"
"Mbele kidogo."

Akamwomba aseme kitabu, kwa Kiingereza.
Akasema: buukh.
U mbili nzima, ndefu kama gati lenyewe.
Vijana wa leo huikata, alisema Bi Philomena,
hata wanangu huikata.
Hiyo u alikuwa nayo baba
na wenzake wa zamu ya usiku.
Tulidhani tumeizika nao.
"Hebu sema tena."
Akasema tena. Pai ikapoa.
Foleni ikanung'unika, kisha ikanyamaza.

Nani basi mwenye kwao?
Mpakani mtu huulizwa pasipoti,
lafudhi haiulizwi kitu.
Hupita forodhani chini ya ulimi,
hulowea katika koo la mgeni,
na siku wenyeji wanapoisahau
yeye anayo, haijui thamani yake,
amekuwa akiitumia kumtukana refa.

Alitaka kuuliza habari za Desmond. Hakuuliza.
Mji ule una akina Desmond wengi,
na timu zilikuwa zinaingia.
Walifungwa mbili bila.

Leo ni Jumanne, alfajiri, theluji ya magoti.
Oddvar yumo ndani ya greda peke yake.
Hakuna mechi.
Anavuta gia, anasema: buukh.
Kioo kinashika ukungu.
Anakipangusa kwa mkono wa sweta,
anasema tena.