Kiti Namba 117

Chini ya kila kiti changu nimeandika kwa rangi nyekundu:
A.N., halafu namba.
Aikaruwa Ndosi, viti na turubai, Majengo,
nyuma ya mashine ya kusaga.
Mia mbili na arobaini, vyote vya bluu,
isipokuwa kumi vya kahawia nilivyonunua kwa hasira
siku Shuma alipofungua ng'ambo ya barabara
na viti vyake vilivyovishwa satini
kana kwamba vinaolewa vyenyewe.

Mji huu naujua kwa kukaa kwake.
Nani anaoza, nani amefiwa,
kikoba gani kinavunja sanduku Ijumaa:
huwa wanaagiza thelathini;
mwaka juzi walirudisha ishirini na tisa, na mguu.
Kisamo wa bucha alipofungua tawi Pasua
alichukua hamsini. Padri akanyunyizia mizani maji ya baraka,
na nyuma huku mtu akanong'ona:
mizani ile inahitaji zaidi ya maji.

Harusi inalipa kabla.
Msiba unalipa "tukishaanua matanga, dada,"
na mimi sijui kukataa.
Nani atamwambia mfiwa akae chini?

Desemba viti vinapanda mlimani.
Kiangi anavirundika kwenye guta, anavifunga kwa mpira wa tairi,
Uru, Kibosho, na vya Marangu vinaenda na lori la mchanga,
maana watoto wamerudi, magari yamejaa vumbi la njia nzima,
na kila kihamba kina jambo.
Januari vinashuka
vikinuka mbege na mafuta ya mbuzi.
Kimoja kimechorwa jina la msichana kwa msumari.
Kingine, bigijii.
Mlima umejifunika, wageni wa hotelini wananung'unika;
mimi napindua kimoja kimoja, nasoma, nahesabu.

Mia mbili thelathini na tisa.

117 kilipotea kwenye msiba wa mama yangu mwenyewe.
Usicheke. Siku ile sikuhesabu.
Nilikaa mkekani na wanawake wa ukoo
na kwa mara ya kwanza nikaviona viti vyangu kutoka chini,
msitu wa miguu, soli zilizolika,
soksi moja imetoboka kisigino.

Miezi minane.
Nikamshuku Shuma. Nikaingia kwake
nikijifanya naulizia bei ya satini,
nikapindua kimoja. Akaniona.
Hakusema neno. Akanifungulia soda.

Halafu juzi, sokoni Mbuyuni, ndala ikakatika
nikachechemea hadi kwa Mbazi fundi viatu.
"Kaa," akasema, sindano mdomoni.
Kiti cha bluu, kimepauka.
Nikasimama kwa mguu mmoja, nikakipindua.

"Hiki changu."
"Najua." Hakuinua macho.
"Nilikikalia kwa mama yako hadi saa tisa usiku.
Mvua ikanyesha, nikakibeba kichwani, nikasema kesho nakirudisha.
Kesho zikawa nyingi."
Akavuta uzi, akaukata kwa meno.
"Yeye alikuwa akija hapa namkalisha juu ya tofali.
Kila mara ananisema: Mbazi, tafuta kiti."

Tofali bado lipo. Anawekea kopo la gundi.

"Shilingi ngapi?"
"Mia tano."
Nikampa elfu moja. Chenji hakurudisha,
na mimi sikudai, wala sikubeba kitu
zaidi ya ndala zangu mguuni.

Jioni nikafungua daftari.
Pale nilipoandika "kimepotea" nikapiga mstari,
kalamu ikabaki hewani.
Simu ikaita. Shuma.
Kuna msiba Njoro, watu wamezidi satini zake,
"una vingapi hapo?"
Mia mbili thelathini na tisa, nikasema.
"Pamoja na vile vya kahawia?"
Pamoja na vya kahawia.