Gawanya kwa Ngapi

Mkuu wa chuo anataka namba moja,
kabla ya adhuhuri ya Ijumaa,
itakayokaa vizuri kwenye bango la lango letu hapa Malindi,
juu ya picha ya kijana aliyevaa kofia ya ujenzi.

Waliohitimu ni sitini na wanne.
Nimewapigia wote, wengine mara tatu,
kwa salio langu mwenyewe,
nikiwa chini ya feni iliyokufa tangu Machi.
(Mafundi feni tunawahitimisha sisi.)

Waliojibu ni thelathini na saba.
Kati yao, ishirini na tisa wana jina la kujaza
pale palipoandikwa MWAJIRI.
Gawanya, zidisha kwa mia:
sabini na nane.
Namba yenye kifua hiyo,
inaweza kusimama langoni peke yake.

Lakini gawanya kwa sitini na wanne,
na waliokaa kimya nao wawe watu,
inashuka hadi arobaini na tano,
inaingia ofisini kwa kuinama,
viatu mkononi.

Halafu hao ishirini na tisa wenyewe.
Kadzo Mwarandu, upishi, daraja la kwanza:
nilimpata Agosti, hoteli imefurika Wataliano,
nyuma yake sufuria zinagombana.
Nikaandika: ameajiriwa.
Ningempigia Mei, bwawa limekauka,
viti vimepinduliwa miguu juu,
ningeandika vingine,
na mkono wa Kadzo ni ule ule,
chumvi anaipima bila kuonja.

Mbaruk Shee, umeme.
"Kazi ipo, mwalimu. Nabeba magunia ya chumvi Gongoni."
Fomu inauliza kama ana kazi. Anayo.
Haiulizi zile nyaya alizisomea za nini.
Nami sikuuliza.
Alikuwa akihema.

Nyevu Kazungu, ushonaji.
MWAJIRI: hakuna. BARUA YA AJIRA: hakuna.
Jedwali limemweka upande wa hasara.
Ila sare za shule tatu za Muyeye
zote zimepita chini ya sindano yake,
na amewachukua wasichana wawili wamsaidie vifungo.
Mmoja wao, Sidi, yumo kwenye orodha yangu hii hii:
ameajiriwa.
Mwajiri wake: Nyevu Kazungu, asiye na kazi.

Nilicheka peke yangu, nikazima kompyuta,
nikaiwasha tena.

Wamebaki ishirini na saba.
Kimya kina mshindo, twaambiwa tangu utotoni,
lakini jedwalini kimya hakina hata nukta.
Ishirini na sita ni yule dada wa mtandao,
mteja hapatikani, mteja hapatikani,
sauti yake haichoki, huyo ajira yake haina shaka.
Yawezekana wako Doha wanapaka rangi majumba.
Yawezekana wako nyuma ya soko hapo, wamebadili laini tu.
Nisiwaite wazembe. Nisiwaite waliofaulu.
Sijui, na sijui nayo ni jibu,
ingawa haina kisanduku.

Wa ishirini na saba ni Chengo, uashi.
Simu ilipokewa na mama yake.
Nikasema, napiga kutoka chuoni, namuulizia Chengo.
Akadakia kabla sijamaliza:
"Mmempata?"

Nilimwandikia mkuu namba zote mbili,
na chini yake maelezo ya ukurasa mmoja na nusu.
Akaniambia, Bi Rukia, bango si barua.
Nikamwambia, basi kila atakayelisoma
na aulize imegawanywa kwa ngapi.
Akatazama feni.

Bango lilipanda Ijumaa, sabini na nane, wino mwekundu.
Linapendeza, sikatai.
Kijana wa kwenye picha si mwanafunzi wetu.

Faili sijalifunga.
Mei nitampigia Kadzo.
Na namba ya mama Chengo nimeiandika kwa kalamu,
pembeni, nje ya mistari,
mahali ambapo hakuna wa kuijumlisha.