Mwenye Lini

Nasugua kigae kwa mswaki uliochakaa.
Rangi ya tango lililomenywa, ufa kama unywele.
Beseni la bluu, shimo la tatu, Kaole.
Shimo linapimwa kwa kamba, mimi napimwa kwa siku.

Ruolan amechuchumaa kando yangu,
Kiswahili chake cha darasani, kila neno limepigwa pasi:
"Bakuli hili, Bi Mwanahija, lilichomwa zama
mfalme wetu hakushusha mguu kitandani
kabla hajaulizwa mtu wa vijiti."

Vijiti hamsini.
Kimoja huwekwa pembeni, hakiguswi.
Arobaini na tisa hugawanywa, huhesabiwa, huchanganywa,
mpaka itoke sura moja kati ya sitini na nne.
Mtu mwenyewe joho limetoboka kiwikoni,
na mawaziri wanampisha mlangoni.
Mfalme ana jeshi, ana hazina.
Yeye ana neno moja tu: lini.
Lini vita. Lini harusi. Lini lango la kaskazini lifunguliwe.
Na mwenye lini ndiye mwenye nchi.

Nikacheka, maji yakanirukia.
Babu yangu Mwinyikondo alimpigia ramli jumbe,
sura zetu kumi na sita, zinatosha.
Lakini alfajiri, kabla ya ubao,
alipitia jikoni kumjulia hali mpishi.
Mpishi alijua nani hakula. Dobi alijua nani hakulala.
Babu akiketi, mchanga umeshaambiwa yote.

"Wetu alipitia kwa matowashi," akasema. Hakucheka.

Kisha mfalme akazeeka, akataka dawa ya kutokufa.
Wakampikia zebaki na zinjifuri,
vidonge vyekundu kama mate ya tambuu.
Meno yakalegea. Akawa anagombana na taa.
Mtabiri akaandika, kwa hati nzuri sana:
Safari ya mbinguni imeanza.
Askari walipovunja mlango wake
walikuta mkeka, na juu ya mkeka
kijiti kimoja.

Jumbe naye aliuliza. Usiku, bila mashahidi:
"Mwinyikondo, nitakufa lini?"
Babu akaufuta ubao kwa kiganja.
"Mchanga umelowa, bwana."
Kesho yake, umelowa.
Mtondo, umelowa.
Ulikuwa mwezi wa pili, visima vimekauka,
mbuzi wanalamba kuta.
Jumbe akamtazama, akamtazama,
akaagiza apewe kahawa.
Wiki hiyo babu alihamia Mlingotini kuuza chumvi,
na ubao tukaufanyia mfuniko wa mtungi.

Ruolan anakigeuza kigae juani,
anakiandika namba, anakitia mfukoni.
Kimya. Kunguru wawili juu ya nguzo ya kaburi,
pale penye tundu lililokuwa na bakuli.

Nimemwona msimamizi akipita na daftari lake.
"Bwana Kiobya, malipo lini?"
Akatazama simu.
Akatazama mawingu.
Akapiga hesabu kwa vidole, midomo ikicheza,
na sote, mashimo matatu, tukanyamaza tumsikilize.