Ujazo Hasi

Walukuba, nyumba ya tatu kutoka bombani,
saa saba usiku, feni inazunguka kivivu,
na kwa mara ya kumi na nne programu imeanguka
palepale, hatua ya mia mbili na sita:
ujazo hasi.

Yaani kijichumba kimoja cha wavu wangu
kimebanwa na ukuta unaosogea
hata kikageuka ndani nje, kama soksi ikivuliwa,
kikawa na nafasi iliyo chini ya sifuri.
Kompyuta haioni haya kulisema hilo.
Inalisema, halafu inanyamaza.

Ninachotaka ni kidogo:
vali ya pampu ya Tezira,
kipande cha mpira wa tairi la lori na boliti mbili,
kinachopanda na kushuka kule Budondo
bila dizeli, bila umeme,
maji yakijisukuma kwa kishindo chake yenyewe
hadi kwenye vitalu vya kahawa huko juu.
Tak. Tak. Mara hamsini na mbili kwa dakika.
Tezira huzihesabu huku anatafuna mahindi.

Programu ni huria. Wameiandika watu nisiowajua.
Wengine wameacha majina juu ya faili,
mmoja ameacha mzaha, mwingine kaomba radhi:
"Hapa sijaelewa, lakini inafanya kazi."
Wote walidhani kuta husimama.
Mimi nimewaletea ukuta unaotembea.

Jumamosi nilimwonyesha Tezira kwenye skrini
miraba ikiinama vali inapopita.
Akafuta grisi mikononi, akatazama kitambo.
"Na maji yaliyokuwa pale mlango ulipopita,
umeyaandika wapi?"

Sikuwa na jibu.
Niliandika yaliyoingia. Niliandika yaliyotoka.
Nafasi yenyewe, ile iliyomezwa na ukuta njiani,
sikuiandika popote,
kama mwenye duka asiyeandika
sukari anayolamba mwenyewe.

Usiku huo, chini ya chandarua,
niliinua goti.
Vitundu vya karibu na goti vilipanda pamoja,
vimeshikana, havikupinda;
kule mbali, upindo ulikochomekwa chini ya godoro,
ndiko vilikovutika, vikawa vyembamba
kama mboni za paka mchana.
Nikashusha. Nikainua. Nikashusha tena.
Mbu mmoja aliimba nje ya hesabu.

Nikaamka. Umeme umekatika,
betri asilimia kumi na tisa.
Nikaandika: walio karibu na kinachosogea wawe wagumu,
mvutano waubebe walio mbali, wenye nafasi ya kupoteza.
Na kila uso wa kila kijichumba
udaiwe ilichofagia safari yake.

Mia mbili na sita ikapita.
Mia mbili na saba.
Sikushangilia. Jirani ana mtoto mchanga.

Liko jambo sijalitatua,
nami nimeliandika wazi kwenye faili
ili atakayekuja asidanganyike:
vali yangu haifungi kabisa.
Lazima ubaki ufa, unene wa unywele,
maana kijichumba kikifika sifuri
hakuna tena wa kuulizwa.
Ya Tezira hufunga. Tak, basi.
Yangu hukaribia,
hukaribia,
hugeuka.
Na kompyuta inahesabu arobaini na tisa kwa dakika.
Hizo tatu, nadhani, zinavujia kwenye ufa.

Baada ya siku tisa mtu wa mbali,
jina lake sijui kulitamka,
aliipokea kazi yangu ndani ya programu.
Alikuwa amesahihisha alama moja ya kutoa
niliyoipitia mara mia bila kuiona.
Hakusifu, hakukosoa. Aliuliza tu:
"Jaribio hili umeliita Budondo. Ni nini?"

Nilianza kumweleza mto, kahawa, tairi la lori.
Nikafuta.
Nikapanda boda hadi kwa Tezira, nikaweka simu juu ya jiwe,
nikamtumia sauti peke yake:
sekunde thelathini,
tak ishirini na sita,
na mtu anatafuna mahindi.