Ziwa Lililotakata Mno

Wageni walisimama ukingoni wakastaajabu.
Kokoto zahesabika mita kumi na mbili chini,
jani la msimu uliopita limelala palepale lilipotua,
halijaoza, halijaguswa na mdomo.
"Maji safi namna hii!" wakapiga picha.
Baba mdogo Sveinung hakujibu.
Alikuwa anakunja wavu mkavu.

Mwaka huo nilikuwa na miaka tisa,
na nywele za shangazi Aslaug zilianza kugeuka kijani.
Si utani. Kijani cha kutu ya shaba,
kikizidi kila aoshapo kwa maji ya kisima.
Akabadili sabuni. Akabadili kitana.
Akafunga leso akaenda kanisani,
na benchi la tatu akamkuta Borghild, naye kafunga leso.
Walicheka mpaka mchungaji akakohoa.
Kumbe ni bomba lililokuwa likiliwa,
shaba ikimumunywa polepole
na maji yaliyoota meno.

Nani aliyaotesha?

Ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini watu waliota moto.
Siwalaumu, baridi ni baridi.
Ndani ya makaa ya mawe mlikuwa na salfa
iliyolala tangu misitu ya kale izame matopeni.
Moto ukaiamsha, ikashika oksijeni mbili, ikapanda.
Zamani moshi uliwaangukia wenyewe,
basi wahandisi wakarefusha dohani,
mita mia mbili, wakapongezana: mji umepona!
Mchuma janga hula na wa kwao,
walisema wahenga, ambao hawakuiona dohani ile.
Ile ilichuma kwao
ikaja kulisha kwetu.

Njiani, siku mbili tatu juu ya mawimbi,
gesi hunyakua oksijeni ya tatu, hukutana na mvuke,
huwa asidi ileile ya betri ya trekta,
ila imezimuliwa mpaka ulimi hauijui.
Ulimi haujui.
Yai la samaki linajua.

Kwingine mvua hiyo huangukia mawe ya chokaa,
chokaa huimeza, ugomvi ukaisha.
Milima yetu ni matale matupu, haina cha kutoa.
Maji yakapita udongoni na ukali wao wote,
yakaibandua alumini kwenye kifungo chake cha kale,
yakaileta ziwani.
Matamvua ya trauti yakajaa ute,
akakosa pumzi katikati ya maji yenye pumzi tele.

Haikuwa siku moja.
Konokono walitangulia, hatuna kawaida ya kuwalilia.
Kila machipuko theluji iliachia kwa wiki moja
sumu iliyoiweka miezi mitano,
na vifaranga vikafa kabla ya kuwa na majina.
Sveinung alivua trauti wa kilo tatu, akajisifu kijiji kizima.
Hakujua amevua mzee asiye na mjukuu.

Kisha mikutano. Kisha "thibitisheni."
Kisha miaka, makabrasha, saini.
Siku hizi moshi huogeshwa kwa maji ya chokaa kabla ya kutoka,
salfa ikabaki nyumbani kwao ikawa jasi,
wakapigia kuta za vyumba vya kulala.
Hilo tu. Lingewezekana mapema.

Mimi nina mashua na tani nne za chokaa ya unga.
Kila Septemba namwaga, nyuma yangu mstari mweupe,
kama anayemlisha mgonjwa uji
huku akimtazama usoni.
Kipimo kilikuwa nne na nusu. Sasa kinakaribia sita.
Inasikika hatua ndogo, lakini ngazi hii ni ya ajabu,
kila kipandio ni mara kumi.
Udongo bado una deni. Nikiacha, maji yataota meno tena.

Juzi mgeni alilalamika kwamba ziwa lina ukungu,
kuna vijidudu, haoni chini.
Nikamshukuru, akanishangaa.

Nywele za Aslaug ni nyeupe sasa,
kwa sababu za kawaida.